Majibu kwa Wasomaji: Puto la Dublin, 1785

SWALI: Nimesoma kuwa Richard Crosbie wa Ireland alipaa kwa puto mwaka 1785. Siku hizo mitungi ya gesi haikuwapo. Walilijaza vipi? Na ni kweli puto hilo liliteketeza mji?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Gesi ilitengenezwa papo hapo. Crosbie alipaa kutoka bustani za Ranelagh, Dublin, tarehe 19 Januari 1785, akashuka Clontarf, ufukweni karibu na mji huo. Puto lake lilijazwa haidrojeni.

Njia ya enzi hizo ilikuwa hivi: vipande vya chuma vinatiwa kwenye mapipa, vinafunikwa maji, kisha asidi ya salfuriki inamiminwa kidogo kidogo. Gesi inayotoka hupitishwa majini ipoe na kusafika, ndipo iingie kwenye puto la hariri lililopakwa vanishi. Asidi isiyozimuliwa haikili chuma baridi ipasavyo. Ukiimimina kwa pupa, nayo, povu hupanda hadi kwenye bomba na mvuke wake huozesha hariri.

Kazi hasa ni wingi wa malighafi. Mita 1 ya ujazo ya haidrojeni hutaka karibu kilo 2.5 za chuma na kilo 4.4 za asidi, na hubeba kilo 1 na ushee tu. Kuinua kilo 200 (mtu, kitambaa, kamba na mifuko ya mchanga) unahitaji kama kilo 450 za chuma na kilo 800 za asidi, mbali na gesi inayovujia kwenye mishono. Ukijaza polepole mno, inayovuja hukaribia inayoingia.

Ndiyo maana uzito wa rubani ulikuwa jambo zito. Mei 1785 puto lilishindwa kumwinua Crosbie, pande la mtu. Akapanda Richard McGwire, kijana mwepesi zaidi, akaangukia baharini karibu na Howth, rasi iliyo jirani na Dublin, akaokolewa. Julai Crosbie mwenyewe alijaribu kuvuka Bahari ya Ireland kwenda Uingereza. Naye aliopolewa majini. Bahari hiyo ilivukwa kwa puto mwaka 1817 tu, na rubani wa puto Windham Sadler.

Ama mji ulioungua, ni Tullamore, katikati ya Ireland, 10 Mei 1785, na puto la Crosbie halikuhusika. Puto lililouunguza lilikuwa jingine, la hewa moto. Lilipoanguka na kuwaka, mapaa ya nyasi yalishika moto na nyumba zipatazo 100 zikateketea.