Vipele nyuma ya ulimi na hofu ya HPV: yaliyonikuta

Mkuu, umesema wiki mbili hulali kwa sababu ya vipele ulivyoviona nyuma ya ulimi baada ya kuzama chumvini (kumlamba mwanamke ukeni), na unauliza kipimo cha HPV ya mdomoni (kirusi kinachoenezwa kwa ngono, na aina zake nyingine huweza kuleta saratani) kinapatikana wapi hapa Dar. Hofu hiyo nimeishi nayo miezi mitatu.

Mimi vyangu nilivihesabu. Kila asubuhi tochi ya simu mkononi, ulimi nje mbele ya kioo. Vilikuwa tisa, vikubwa, vimejipanga kama herufi V karibu na koo. Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikahamia siki, mwisho (naona aibu kusema) nikavisugua kwa mswaki hadi damu. Vikavimba, nikajua basi, saratani hiyo.

Kosa la pili likanila hela. Maabara moja ya mtaani walinitoa damu, wakasema wanapima HPV. Jibu likaja hasi, nikashangilia siku mbili. Kumbe kirusi hiki hakikai kwenye damu, kinakaa kwenye ngozi laini ya juu. Kukitafuta damuni ni kutafuta samaki juu ya mnazi. Na kwa koo, hakuna kipimo kilichoidhinishwa cha kumchunguza mtu asiye na dalili. Jibu lako ndilo hilo, hata kama halipendezi.

Kwa daktari wa pua, koo na masikio nilianza na uongo, eti nakereketwa na vumbi. Akanitazama tu. Niliposema ukweli wala hakushtuka. Navuta sigara? Sauti imekwaruza? Sikio linauma upande mmoja? Chakula kinakwama? Akanipapasa shingo muda mrefu kuliko alivyoangalia mdomo, akapitisha kamera nyembamba puani (machozi yanakutoka, lakini ni dakika chache). Halafu akafungua mdomo wake mwenyewe, akaniambia nimulike. Vipele vilevile, mpangilio uleule! Ni sehemu ya ulimi inayoonja ladha, kila mtu anayo.

Alivyonieleza, aina za HPV zinapita 100, na kwa walio wengi mwili huiondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Inayosumbua zaidi kooni ni aina ya 16, na hata hiyo ikigoma kutoka, saratani huchukua miaka mingi kujitokeza, si wiki mbili. Ukiona kinyama chenye sura ya koliflawa, hicho hukatwa na kupelekwa maabara. Ila uvimbe shingoni unaopita wiki tatu, hata kama hauumi, nenda hospitali hata kama hujawahi kuzama popote.

Umeuliza pia kama bibie ndiye kakuletea. Hutajua. Kirusi hukaa kimya miaka, kwa hiyo usikigeuze ushahidi wa usaliti. Kama ametimiza miaka 30, akachunguzwe mlango wa kizazi. Kile kipimo cha siki (mlango wa kizazi hupakwa siki ili mabadiliko yaonekane) hakichukui muda. Mke wangu alienda wiki ileile, na binti yetu wa miaka 10 kachanjwa dhidi ya HPV shuleni. Tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Wewe kaonwe, lakini acha kusugua kuanzia leo, daktari akute ulimi na si kidonda.