Madaka, Nyuni na Sanati: Majibu kwa Wasomaji

Mwanangu alinakili ubeti wa Al-Inkishafi: "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni." Daftari likarudi limesahihishwa kuwa "visahani". Ni sawa? Na nyuni si ugonjwa wa watoto?

Zisahani iachwe ilivyo. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga utenzi huu juu ya kuanguka kwa mji wa Pate, karibu na Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, na lahaja za kaskazini hutumia zi- pale Kiunguja kinapotumia vi-: zitu, ziumbe, zisahani. Mizani, yaani hesabu ya silabi, haivunjiki ukibadilisha, zinabaki 11, lakini umemnyang'anya mshairi ulimi wake. Ukinukuu, nukuu.

Nyuni hapa ni ndege. Degedege iliitwa nyuni kwa sababu watu waliamini huletwa na ndege. "Walaliye" ni wamelala. Madaka ni vile vishubaka vilivyochongwa ukutani katika majumba ya mawe ya Pate na Lamu, wenye nyumba wakipanga humo sahani za kauri. Sasa soma tena: palipokuwa na sahani, wamelala makinda ya ndege. Hakutaja kifo wala umaskini, na huzuni yote imo. Mimi sijui mistari miwili ya Kiswahili inayozidi hii.

Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia bintiye, anaanza: "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati." Huyo binti ana uchache wa nini?

Wako wanaosoma sanati kuwa miaka, kwa Kiarabu, yaani binti mdogo. Wengine husema ni hasanati, mema yenye thawabu, iliyokatwa kichwa. Naafiki hawa wa pili. Hesabu mizani: m-cha-che-fu-wa-sa-na-ti, 8 kamili. Ukiandika hasanati zinakuwa 9 na kipande kinafurika, kwa hiyo kukatwa kuna sababu. Tena utendi wenyewe, wa mwaka 1858, ni wa mama mgonjwa anayemwonyesha bintiye njia ya kuchuma thawabu: "kiumbe ni radhi tano", za Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Anayeambiwa hayo ni yule ambaye akiba yake ya mema bado ni haba.

"Negema", na "upulike" ya mstari unaofuata, je?

Sogea karibu; usikilize.

Kwa nini kila chapa ina tahajia yake?

Kwa sababu tungo hizi ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Alama ya irabu iitwayo kasra ilibeba i na e, ile ya dhamma ikabeba u na o, na waandishi wengi wa zamani walitumia herufi ba hiyo hiyo kwa b, p na mb. "Pembe" na "bibi" ziliweza kuandikwa sawasawa. Mwenyeji wa Lamu hakutatizika, maana alikuwa akilijua neno kabla ya kulisoma. Tabu iliwapata waliohamishia tungo kwenye hati ya Kilatini, kila mmoja akachagua irabu kwa sikio lake. Kwa hiyo ukinukuu, taja na mhariri wa chapa uliyoitumia.