Maswali ya wasomaji: Nyumba kongwe ya shamba

SWALI: Nyumba yetu ya shamba ina kuta za mawe na imeongezwa vyumba kizazi hadi kizazi. Tutajuaje sehemu ipi ilitangulia? Na mbona lipu ya saruji hubanduka kila mara kwenye kimo cha goti?

JIBU: Tafuta mstari wa wima ambapo mawe ya kuta mbili yamekutana bila kufungana. Hapo ndipo nyongeza ilipoegemezwa. Upande wenye mawe makubwa ya pembe yaliyopishana ndio mkongwe, kwa kuwa pembe imara hujengwa pale nyumba inapoishia. Ukuta wa ndani wenye unene wa sentimita 50 au 60 huenda zamani ulikuwa wa nje. Panda darini pia: alama ya mshazari ukutani huonyesha paa la awali, na mwinamo wa nyuzi 45 au zaidi mara nyingi ni wa paa la nyasi. Boriti zisikudanganye. Yenye matundu matupu ya kuungia ilitolewa kwingine, hivyo yaweza kuwa kongwe kuliko ukuta unaoibeba.

Tukija kwenye lipu, saruji ni ngumu na haipitishi mvuke vizuri. Maji hupanda kutoka ardhini, mengine huingia kwenye nyufa, yakakosa pa kutokea. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma. Ukipiga saruji tena, unyevu utapanda juu zaidi.

Anza nje. Shusha udongo uwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu ya ndani, lakini usichimbe hadi chini ya kitako cha msingi. Misingi ya zamani huwa mifupi, na ukuta waweza kukaa vibaya. Bandua lipu kwa nyundo na patasi, uache ukuta ukauke, hata kama ni miezi. Kwangua viungo vya kati ya mawe kina cha sentimita 2 au 3, ujaze chokaa kipimo 1 kwa mchanga mkali (wa chembe za kukwaruza) vipimo 3. Lipu nayo ipigwe kwa tabaka za milimita 10 hivi, zikifunikwa magunia mabichi kwa siku kadhaa. Zikikauka haraka, hupasuka na kubaki unga. Na fundi akikushauri "saruji kidogo tu ya kuongeza nguvu", mkatalie.

SWALI: Tuzibue dirisha la zamani lililozibwa kwa mawe?

JIBU: Kagueni kwanza linta, yaani boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Ikiwa ni ya mbao na imeoza, mawe hayo ya kuzibia ndiyo yanayobeba ukuta wa juu. Wekeni nguzo za kuegemeza na kubadilisha linta kabla ya kung'oa jiwe hata moja.