Maswali ya wasomaji: Jiwe moja mfukoni

Bwana asifiwe. Mithali 21:15 inasema kutenda haki ni furaha kwa mwenye haki. Mimi ni karani wa stoo. Nakataa kusaini mzigo ambao haujafika, wenzangu wananinunia, na jioni natoka nimechoka kuliko wao. Hiyo furaha iko wapi?

Umenukuu nusu ya mstari, mpendwa. Nusu ya pili inasema haki hiyohiyo ni maangamizi kwa watenda maovu. Kwa hiyo kununiwa kwako hakupingani na Mithali. Kumo mlemle ndani ya mstari.

Tuliangalie na neno lenyewe. Kiebrania kinasema *mishpat*, na Biblia ya Union mara nyingi hulitafsiri “hukumu”, kama kwenye Amosi 5:24, “hukumu na itelemke kama maji”. Msomaji anawaza mahakama. Lakini *mishpat* ni pamoja na kumpa kila mtu kilicho chake: kipimo kamili, ujira wake, taarifa isiyochezewa. Na neno letu “haki” lina mtego wake, maana tumelizoea zaidi katika “haki yangu”. Mtu anaweza kutenda haki siku nzima huku moyoni akipiga hesabu ya shukrani anazodai. Huyo atachoka, tena mapema.

Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Kwa kawaida kubwa ni la kununulia na dogo la kuuzia. Hebu mfikirie mwenye mfuko huo. Kila mteja akifika, lazima akumbuke lipi ni lipi, nani alipimiwa lipi jana, na nani alikuwa amesimama karibu. Mwenye jiwe moja hutia mkono bila kuangalia. Furaha inayosemwa na Mithali ni ya mkono huo. Ni ya kimya, na mara nyingi utaitambua siku mkaguzi anapoingia bila taarifa, nawe ukaendelea kunywa chai yako.

Uchovu nao una dawa zake. Kataa mapema, kabla karatasi hazijapangwa mezani, kwa sababu kukataa dakika ya mwisho huonekana kama kumuaibisha mtu. Zungumzia mzigo, usimzungumzie mwenzako: “Nitasaini nikishahesabu.” Siku hiyohiyo andika tarehe, idadi iliyo kwenye hati na idadi uliyoihesabu wewe. Usihubiri stoo. Pia usiibebe peke yako: mweleze aliye juu yako ukiwa na kumbukumbu hizo mkononi. Wengi huishiwa nguvu kwa kunyamaza kuliko kwa kukataa.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukua fedha ya mwajiri wangu kidogokidogo. Nimeokoka, nimetubu, natoa zaka. Lakini nikiimba kanisani najiona mnafiki. Je, ni lazima nirudishe, na ni kiasi gani?

Ndiyo, rudisha. Zaka hailipi deni la mtu. Hiyo fedha haikuwa yako, na ukiitolea sadaka unamtolea Mungu mali ya mwingine. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako.

Kuhusu kiasi, Torati ina viwango zaidi ya kimoja, na watu huvichanganya. Mwizi aliyechinja au kuuza mnyama alilipa ng'ombe 5 kwa ng'ombe mmoja, kondoo 4 kwa kondoo mmoja; mnyama akikutwa hai mkononi mwake, alilipa mara mbili (Kutoka 22:1-4). Lakini anayetambua hatia yake na kuikiri, Walawi 6:1-7 na Hesabu 5:5-8 zinamtaka arudishe mali kamili na kuongeza sehemu moja ya tano. Ulichukua 500, unarudisha 600. Zakayo wa Luka 19, bila kukamatwa na mtu, alijipangia mara nne.

Agano Jipya halijamwekea Mkristo asilimia. Kwa maoni yetu, sehemu ya tano ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa sababu inakumbuka jambo tunalolisahau: mwenye mali hakupoteza fedha tu, alipoteza na muda wa kuitumia.

Fanya hivi. Kaa na karatasi, uandike kila tukio unalolikumbuka na makadirio yake. Usipokuwa na uhakika kati ya viwango viwili, chukua kile cha juu. Jumlisha, kisha ongeza sehemu ya tano. Kama kosa lako linaweza kufika kwenye sheria, zungumza kwanza na mchungaji mwenye kutunza siri na mtu anayejua sheria. Lengo ni ujue unakoingia; wasikutafutie mlango wa kutorokea. Halafu nenda mwenyewe. Maneno yawe machache: “Katika miaka ile nilichukua fedha yako. Kwa hesabu yangu ni kiasi hiki. Nimeleta kiasi hiki. Naomba unisamehe.” Usiseme “kama nilikukosea”. Usieleze shida ulizokuwa nazo wakati ule, asipouliza. Na usimwambie kwamba ni lazima akusamehe kwa kuwa na yeye ameokoka. Huo ni wizi mwingine.

Kama huna fedha yote, peleka ungamo lote na sehemu ya fedha, pamoja na ratiba iliyoandikwa. Ratiba ndogo inayotimizwa ina uzito kuliko ahadi kubwa. Akiwa amefariki, warithi wake ndio wenye mali. Ikiwa hakuna ndugu wa kupokea, Hesabu 5:8 ilipeleka malipo kwa Bwana, kupitia kuhani. Hapo ndipo sadaka inapopata nafasi yake, mwisho wa foleni.

Kuna kosa moja linalowapata waaminifu kabisa: kutuma fedha bila jina. Mwenye mali anaipata, sawa, lakini anabaki akimshuku mtu mwingine, pengine mfanyakazi asiye na kosa aliyefukuzwa kwa ajili hiyo. Kama yupo wa namna hiyo, naye una deni la kumwomba msamaha.

Sasa furaha. Angalia mpangilio wa Luka 19. Zakayo alimpokea Yesu kwa furaha katika mstari wa 6. Kurudisha kunakuja mstari wa 8. Furaha hakuilipia. Alikuwa nayo tayari, na kurudisha kukaiondolea kizuizi. Ukirudisha ili ununue amani ya moyo, mwajiri akikufokea utaona umetapeliwa. Nenda ukiwa umesamehewa na Mungu, na uwe tayari kufokewa.

Nina wafanyakazi watatu. Mishahara huchelewa wiki mbili au tatu, lakini michango ya kanisa sijawahi kukosa. Mke wangu ananisuta. Ana hoja?

Anayo, na ni nzito. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka maskini alipwe kabla jua halijachwa, Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Isaya 58:3 inawagusa waliofunga huku wakiwaonea watenda kazi wao. Ikiwa mmepatana malipo ya mwezi, tarehe mliyopatana ndiyo machweo yenu. Lipa kwanza, changia baadaye. Fedha ikikosekana kweli, waambie kabla ya tarehe na si baada yake, taja siku, anza na anayelipwa kidogo kuliko wote, na wewe jilipe wa mwisho.

Mimi ni mzee wa kanisa. Tumeletewa kesi ya mfadhili wetu mkubwa na kijana anayemdai. Tuanzie wapi?

Anzieni kwa kutokula kwa yeyote kati yao mpaka kesi iishe. Mithali 18:17 inaonya kwamba wa kwanza kusema huonekana ana haki, hadi mwenzake aje amhoji. Basi msimsikilize mfadhili sebuleni kwake na kijana nje ya mlango wa ofisi. Waketi chumba kimoja, viti vya namna moja, muda sawa. Kila mmoja, kabla ya kujibu, arudie dai la mwenzake mpaka mwenzake aseme “ndivyo nilivyosema”. Nusu ya kesi hulainika hapo.

Walawi 19:15 inakata pande zote mbili: usimpendelee maskini, wala usimstahi mwenye nguvu. Huruma kwa kijana isiwafanye mruke ushahidi. Na msikimbilie kufunga kwa maombi na kukumbatiana huku deni halijalipwa. Andikeni kiasi, tarehe na atakayefuatilia, ndipo muombe.

Aliyenidhulumu shamba la marehemu baba amefungwa. Nilifurahi sana. Nimetenda dhambi?

Mithali 11:10 inasema watu hupiga shangwe waovu wanapoangamia. Mithali 24:17 inasema usifurahi adui yako aangukapo. Yote mawili ni Maandiko, na tofauti iko katika kile unachokifurahia. Kufurahi kwamba dhuluma imekoma, na kwamba mwingine hataporwa, si dhambi. Kufurahia kwamba anaumia ni jambo lingine.

Jipime hivi, ukiwa peke yako: kama kesho angekurudishia shamba lote, akatubu kwa kweli na kuachiliwa, furaha yako ingeongezeka au ingepungua? Ikiwa ingepungua, soma Yona sura ya 4 polepole. Ninawi imesalimika, na mtumishi wa Mungu ameketi nje ya mji, amekasirika hata kufa.