Kwa mnaoanza kuhesabu viwavi kwenye pamba ya Bt

Wadogo zangu, msimu huu tena nimesoma madaftari yenye "kiwavi hapendi Bt" (pamba iliyotiwa jeni ya bakteria ili ijitengenezee sumu ya viwavi), yameandikwa baada ya kuchungulia mara moja tu sahani yenye jani la Bt na la kawaida. Nawapenda, ndiyo maana nasema kwa ukali.

1. Kukataa si kuugua. Cry1Ac, protini ya sumu iliyomo kwenye Bt, haimdhuru kiwavi mpaka aimeze. Ndani ya utumbo wenye alkali inayeyuka, vimeng'enya vinaikata, kisha inatoboa kuta za utumbo. Saa chache baadaye anaacha kula, ingawa kufa kunaweza kuchukua siku kadhaa. Ukikuta asubuhi jani la Bt limeguswa kidogo, utajuaje kama alilikwepa au lilimlaza? Chunguza mara kwa mara tangu saa ya kwanza, uandike yuko wapi, si amekula kiasi gani tu.

2. Kiwavi mmoja, sahani moja. Funza wa vitumba hulana.

3. Umri wa jani. Hili linaniuma mpaka leo. Vijana fulani, wenye bidii kweli, hawakutaka kuharibu ncha za mimea michache ya Bt, wakachuma majani yake ya chini. Ya BPA, aina ya pamba ya kawaida ya Uganda, wakachuma juu, machanga. Viwavi wakajaa kwenye BPA, furaha ikatanda. Lakini kiwavi mdogo hufuata jani laini hata pasipo Bt. Tena Cry1Ac hupungua mmea unapozeeka, na gosipoli, sumu ya asili ya pamba, nayo hailingani jani kwa jani. Juu ya hayo, BPA ile haikuwa mbegu mama ya ile Bt, yaani aina ileile isiyo na jeni, kwa hiyo tofauti ingeweza kutoka popote. Mkubwa mmoja akauliza, "Jani la ngapi kutoka juu?" Hakuna aliyekuwa ameandika. Hakuna aliyedanganya, na kazi ya msimu mzima haikutufaa kitu. Andikeni namba ya jani! Kalamu haina gharama.

4. Shambani msiishie kwenye ncha. Mayai mengi yako huko, sawa, lakini yai halili, kwa hiyo wingi wake kwenye Bt haukwambii nani atapona. Vifaranga vya funza huondoka kwenye ncha za Bt mapema kuliko kwenye pamba ya kawaida, vikashuka kwenye maua, ambako Cry1Ac huwa kidogo kuliko kwenye majani machanga. Fungua ua, tazama kwenye chavua. Inua petali zilizokauka zikashikamana na kitumba kichanga, maana wanajificha chini yake.

Kwa uhamaji huohuo, msikubali mbegu za Bt na za kawaida zichanganywe mstari mmoja. Kiwavi huonja Bt, huhamia kwa jirani akiwa hai, hukua na hutaga: usugu huanzia hapo. Gujarat, India, funza wa waridi wa vitumba alithibitishwa kuizoea Cry1Ac mwaka 2010. Kenya wameanza kupanda Bt tangu 2020, na mkulima wa Kasese, hapa Uganda, akiwauliza kama itamfaa, atataka kujua viwavi waliobaki wanakula wapi. Mwonyesheni ua lililofunguliwa, si ncha safi.