Maswali ya Wasomaji: Wali wa Mama Ntilie na Baga ya Dukani

Katika toleo lililopita niliandika, kwa kupita tu, kwamba wali wa mama ntilie unaopakuliwa ukifuka mvuke ninauamini kuliko baga iliyokaa ndani ya kabati la kioo tangu asubuhi. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko makala yote, nyingine za kunipongeza na nyingine za kuniuliza kama nimewahi kuona ndoo ya kuoshea vyombo. Nimeiona. Kwa faida ya wasomaji wapya, nilikuwa bwana afya kwa miaka mingi, na kazi hiyo humwingiza mtu kwenye majiko ya wenzake bila kualikwa. Nimechagua barua sita, nikazifupisha kidogo.

*Ninauza dukani Kariakoo. Kila mchana ninakula wali maharage kwa mama mmoja aliyejibanza kwenye uchochoro nyuma ya duka letu. Wenzangu wawili wameanza kwenda kwenye mgahawa mpya wa baga wenye kiyoyozi, na wananicheka kwamba ninakula vumbi. Baga moja ni bei ya sahani zangu nne. Je, wenzangu wanalipia usalama, au wanalipia viti?*

Wanalipia viti, ndugu yangu, pamoja na kiyoyozi, taa na kodi ya fremu. Usalama unaweza kuwamo ndani ya bei hiyo, na unaweza usiwemo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 kanuni tano za chakula salama, nazo ni usafi, kutenganisha vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi kuiva, kutunza chakula katika joto linalofaa, na kutumia maji na vyakula visivyo na mashaka. Zisome mara mbili na hutaona mahali vigae wala milango ya kioo vilipotajwa. Kanuni ya nne ndiyo inayoamua mengi. Bakteria wengi wanaoharibu chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa katikati hapo kwa zaidi ya saa mbili. Sasa mtazame mama yako. Maharage amebandika alfajiri, wali ameupalia mkaa kabla ya saa sita, wateja wanamiminika kuanzia saa sita na nusu, na ikifika saa nane kinachosikika ni mwiko unaokwangua ukoko. Chakula chake hakikupata nafasi ya kupoa. Hana friji, na kwa sababu hana friji analazimika kununua nyama ya leo leo asubuhi.

Mgahawa wa baga unategemea umeme. Nyama ya kusaga imelala kwenye friza, na umeme ukikatika usiku kucha bila jenereta, nyama huyeyuka, kisha asubuhi huganda tena na kurudi na sura yake ile ile, bila mteja kujua kilichopita. Nyama hiyo ikitolewa friza isiyozimika na kukaangwa hadi kuiva pale pale mteja anapoagiza, ni salama, na wenzako waile kwa raha. Ikiwa imepangwa tayari kwenye kabati lenye balbu ya manjano, gusa kioo kwa kiganja. Kisipokuwa cha moto, hiyo balbu ni ya kupendezesha.

Lakini usije ukamwonyesha mama yako gazeti hili kama cheti, maana ninajua udhaifu wake ulipo. Upo kwenye yale mabeseni mawili, moja la sabuni na jingine la kusuuzia, ambalo maji yake huanza siku yakiwa meupe na kufika saa saba yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Sahani yako inapita humo. Upo pia kwenye kitambaa kimoja kinachofuta meza, kikafuta mikono, kikamalizia na sahani. Kwa hiyo nenda mapema, wakati maji hayajachafuka na wali haujaguswa na miiko mingi, na usijisikie vibaya kuomba kijiko chako kimwagiwe maji ya moto kutoka kwenye birika la chai. Wengi hufanya hivyo kwa moyo mkunjufu. Ukifika saa kumi jioni ukakuta wali umebaki chini ya sufuria, vuguvugu, kula ndizi ukangoje chakula cha usiku nyumbani.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo Morogoro. Mgahawa tunaokula unauza wali wa mchana uliopashwa moto usiku, kwa bei ya chini. Tunauita kiporo na tunaupenda. Mwenzangu alitapika usiku mzima, ingawa wali ulikuwa wa moto kabisa. Kosa lilikuwa la wali au la tumbo lake?*

Tumbo lake liache, kijana wangu. Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye ana namna ya kujikunja kuwa kitu mfano wa mbegu isiyouawa na maji yanayochemka. Wali ukiiva na kuachwa mezani, mbegu hizo huamka, huzaliana, na hutengeneza sumu. Mpishi anapopasha moto jioni huwaua bakteria wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hustahimili joto kubwa kuliko la sufuria yoyote ya nyumbani. Ndiyo maana mtu hula wali unaounguza ulimi, kisha ndani ya saa moja hadi sita akaanza kutapika. Sina hakika kwamba hicho ndicho kilichompata mwenzako, kwa kuwa sikumpima, lakini maelezo yako yanafanana nacho sana.

Kiporo si dhambi. Mimi mwenyewe nimekua kwa kiporo cha asubuhi na chai ya rangi. Tofauti ni saa zilizopita kati ya kuiva na kupoa. Wali uliotandazwa kwenye sinia ukapoa upesi, ukaingia kwenye friji, ukapashwa mara moja tu, ni chakula. Ulioshinda kwenye sufuria yenye mfuniko kuanzia saa saba mchana hadi saa mbili usiku ni shughuli nyingine. Muulizeni mwenye mgahawa wali unashinda wapi. Akijibu "upo tu hapo jikoni", lipeni kidogo zaidi mpate ugali uliosongwa sasa hivi.

*Ninaishi Zanzibar. Watoto wangu wakifika mjini wanataka baga, nami ninasita, kwa sababu jina lake kamili ni hamburger, na "ham" tulifundishwa shuleni kuwa ni nyama ya nguruwe. Je, ni halali kwetu?*

Jina hilo, dada yangu, limewasumbua watu wengi bila sababu. Linatokana na Hamburg, mji wa bandari wa Ujerumani, na hiyo "ham" ni sehemu ya jina la mji tu, iliyofanana kwa bahati na neno la Kiingereza la paja la nguruwe. Baga kwa asili ni nyama ya ng'ombe. White Castle, duka la kwanza kujenga mlolongo wa migahawa ya baga, lililofunguliwa Wichita, Kansas, mwaka 1921 likiuza baga moja kwa senti 5, liliuza ng'ombe.

Wasiwasi wa kweli uhamishie mahali pengine. Kwanza ni bekoni, vile vipande vyembamba vya nguruwe vinavyowekwa juu ya nyama, hasa kwenye baga zenye majina marefu. Pili ni lile bamba la chuma la kukaangia. Mgahawa unaouza baga ya ng'ombe na wenye bekoni kwenye orodha yake huenda unavikaangia vyote hapo hapo, kwa mwiko mmoja. Huku Bara tuna swali kama hilo hilo kwenye baa zinazouza kitimoto, ambako chipsi za mteja asiyekula nguruwe huweza kuzama kwenye karai lililotoa nguruwe dakika tano zilizopita. Uliza waziwazi kama karai na bamba ni vya peke yake, na uliza pia nyama imechinjwa na nani. Hukumu ya kinachofuata ni ya masheikh, nami siwezi kuwasemea.

*Niko masomoni Uingereza. Mgahawa mmoja uliniletea baga nyekundu ndani, nikairudisha, na wenzangu wakaniona mshamba kwa sababu steki wanakula hivyo hivyo. Nani mwenye haki?*

Wewe. Bakteria wa steki wako juu ya ngozi ya nyama, na moto wa kikaango huwamaliza hata kama ndani kuna wekundu. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu huchanganywa hadi katikati, ambako moto hufika mwisho. Marekani walijifunza jambo hili kwa uchungu mwaka 1993, pale baga zisizoiva zenye bakteria wa E. coli O157 zilipowafanya watu zaidi ya 700 kuugua na kuua watoto 4. Tangu hapo wataalamu wa huko husisitiza baga ifike nyuzi 71 katikati. Uliirudisha vizuri, na ushamba wa namna hiyo uendelee nao.

*Mwanangu wa darasa la saba hununua chipsi mayai kila jioni kwa kijana aliye karibu na kituo cha daladala. Mafuta yake ni meusi. Nimesikia pia kwamba wanatia mafuta ya transfoma ili yasiishe haraka. Mimi ni mama yake na silali.*

Tuanze na hilo la kukunyima usingizi. Wizi wa mafuta ya transfoma upo, na mashirika ya umeme ya Afrika Mashariki yameulalamikia kwa miaka mingi. Kwamba mengine huishia kwa wakaanga chipsi nalo limeripotiwa, hasa Kenya. Ni jambo baya sana, kwa kuwa transfoma za zamani zinaweza kuwa na kemikali za sumu ziitwazo PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali za aina hiyo, ulizipa nchi muda hadi 2025 kuziondoa kwenye mitambo. Hata hivyo, kumtuhumu kila kijana mwenye karai ni kumwonea. Weusi wa mafuta peke yake hauthibitishi kitu hicho. Mafuta ya kupikia ya kawaida, yakikaangiwa viazi siku tatu mfululizo na kuongezewa mapya juu ya machakavu, huwa meusi vile vile.

Na hayo machakavu nayo si ya kupuuza. Simama kando ya kibanda wakati bado kuna mwanga, utazame kazi inavyokwenda. Viazi humenywa mapema na kulowekwa kwenye ndoo, hukaangwa nusu na kurundikwa kwenye kabati la kioo, kisha mteja akifika hurudishwa karaini na kumwagiwa mayai. Yaani chipsi za mwanao zimezama mafutani mara mbili. Angalia kama mafuta yanatoa moshi kabla kiazi hakijaingia, kama povu lake halitulii, kama yananata kwenye kingo za karai, na kama harufu inakera koo. Yakiwa na dalili hizo, yamekwisha. Ufaransa na Hispania sheria huyataka yamwagwe pale sehemu zilizovunjika zinapozidi asilimia 25, na wao wana vifaa vya kupima. Sisi tuna macho na pua, navyo vinatosha kwa kazi hii. Angalia pia kama dumu la mafuta lipo wazi hapo kibandani, lenye nembo. Kijana asiye na la kuficha hulikalia kama kigoda.

Kisha zungumza na huyo kijana, si na mwanao. Mwambie: "Mwanangu, ukimwaga mafuta kila baada ya siku mbili, nitakuletea wateja wa mtaa mzima." Chipsi za kila jioni ni nyingi kwa mtoto hata mafuta yakiwa mapya, kwa hiyo zigeuze kuwa za Ijumaa.

*Mimi ni mama lishe Mwanza. Ninauza ugali kwa samaki na kachumbari. Sina maji ya bomba wala mtaji mkubwa. Nikitaka kuanza na jambo moja la usafi, nianze na lipi?*

Umenifurahisha, mama, kwa kuwa wenzako wengi waliniandikia kunigombeza. Ugali na samaki wako sina wasiwasi navyo, moto umevishughulikia. Anza na kachumbari, kwa sababu ndicho kitu pekee kwenye sahani yako kisichoona moto. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani, tuliwaambia watu kila siku kwamba ugonjwa ule husafiri kwa maji machafu na kwa chochote kilichooshwa kwa maji hayo. Nyanya na vitunguu vyako vioshe kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ndimu inasaidia kidogo, lakini usiitegemee. Kisu na ubao wa kachumbari visiguse samaki mbichi hata siku moja. Kama una kisu kimoja, kata kachumbari kwanza, ndipo umpare samaki. Katakata kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja, na kinachobaki saa tisa kimwage, kwani nyanya mbili ni hasara ndogo.

Ukipata fedha ya ziada, nunua ndoo yenye koki ya kunawia mikono, uachane na beseni. Iweke upande wa kuingilia, pamoja na kipande cha sabuni kilichofungwa kamba, wala usiiweke nyuma ya jiko, kwa maana mteja mwenye njaa akishakaa hainuki tena.