Picha elfu sita za harusi na hutaki kulipa kila mwezi

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza programu ya kupanga na kurekebisha picha zako elfu sita za harusi bila ya kulipa kila mwezi. Kupanga, chukua programu ya digiKam. Ni ya bure na haihitaji intaneti. Kila picha itie jina la bibi harusi na mtaa, kisha hakikisha kwenye mipangilio kwamba maneno hayo yanaandikwa ndani ya faili lenyewe. Mimi yangu yalikaa ndani ya programu tu; kompyuta ilipokufa, nikabaki na picha zisizo majina. Iliniuma sana.

Kurekebisha, tumia programu nyingine, darktable. Bibi harusi kasimama kivulini, nyuma yake ukuta mweupe wa jua kali? Uso utautoa kivulini uonekane vizuri, na faili la asili halibadiliki. Mwanzo ngumu, vumilia. Lakini kabla ya yote, nakili picha zote kwenye diski ya nje, leo hii.